Shangazi Anakungoja Kwenye Kinu

Bandipur, Tanahun
12 Bhadau 2080, kwa kalenda ya nyumbani

Mpendwa mdogo wangu Sabitri,

Hujambo huko Lizboni? Mgongo unaendeleaje, na kazi ya jikoni? Pratima ameshazoea shule? Huku mvua imetushika, na ruba wamejaa njia ya kisimani. Mimi ni mzima wa mwili tu. Moyo hautulii, na sababu ni Shangazi Khagisara.

Anasahau. Alianza na majina ya mbuzi, sasa ni mashairi yake mwenyewe. Unajua hakuna hata moja lililoandikwa, maana hakupelekwa shule. Alifiwa na mume angali mtoto, akarudishwa kwa babu, akakatazwa, kama mjane, nguo nyekundu na nyimbo za Teej, sikukuu ya wanawake. Basi akatungia kwenye kinu cha mguu, kile cha mti unaokanyagwa mchi ukapiga shimoni, ambako kishindo kilimficha. Wanawake waliokuja kutwanga wakayadaka, wakayatawanya vilima vyote. Leo wasichana wanayaimba bila kujua ni ya nani, na hilo linaniuma.

Juzi walikuja walimu kutoka Pokhara na mashine ya kurekodi, wanataka kuyachapa kitabuni. Wakamkalisha kitini na shada la maua shingoni. Badala ya kuimba, akawauliza, "Wanangu, mmekuja kunisikiliza au kunizika? Maua yote haya ya nini?" Walicheka, wakafunga mashine yao.

Walipoondoka, Manrupa, yule jirani yetu mwenye mdomo, akanivaa. "Wewe nawe! Umeona wapi Khagisara akiimba amekaa kama bibi harusi? Mlete kwangu, kinu kipo."

Chetu kilivunjika kwenye tetemeko, kwa hiyo nilimpeleka. Tukapanda kwenye mti wa kinu, tukaanza kukanyaga kama zamani. Kabla mpunga haujapasuka, mdomo wa Shangazi ukafunguka, akaimba bila kukosea. Nililia, Sabitri, sioni haya kukuambia.

Lakini kila akimaliza ubeti anatazama shimo la kinu, pale ulipokuwa ukikaa utotoni, ukigeuza mpunga na kuyajibu maswali ya beti zake. "Mbona hajibu huyo? Amelala?" ananiuliza. Mimi mkanyagaji nilisikia kishindo tu. Majibu yalisemwa kwa sauti ya chini, yakabaki kati yenu wawili. Manrupa alijaribu kujibu, akafukuzwa: "Toa mkono wako hapo. Huo si wa Sabitri."

Nimekupigia simu, hupokei. Labda ni zamu zako, labda unaogopa habari mbaya. Mimi naogopa jambo jingine: miaka yote hiyo ya kusema lugha za watu, je, kama umeyasahau majibu yako? Walimu watarudi siku ya Teej. Shangazi hali tena ila wali laini vijiko viwili vitatu, na kila asubuhi mguu wake unazidi kukosa uzito kwenye kinu. Usipojibu, kitabu kitakuwa cha maswali matupu.

Msalimie shemeji Dambar, umbusu Pratima. Kaka Tikaram anakusalimu, na Manrupa anasema usimletee manukato tena, hana wa kumnusisha. Mungu wetu Pashupati awafunike huko ugenini.

Jana Shangazi aliimba ubeti huu: "Ua la mlimani ni jekundu, nani aliliuliza lina mume?" Kisha akangoja, mguu juu, hataki kuuteremsha.

Ulikuwa ukimjibu nini?

Dada yako asiyeacha kukupenda,
Jamuna