Uongo Wako Umebaki Ndani ya Miwani

Papa,

Wamekurudisha shuleni bila kuniuliza. Jumatatu niliingia katika darasa nililorithi kwako ulipotutoka, nikakuta prefe, mkuu wetu wa shule, amewavalisha watoto miwani mikubwa myeusi ya kufunika macho. Vichwa vyao vilikuwa vinageuka huku na huku kama vya kuku, na sauti yako inavuja masikioni mwao.

Unawakumbuka wale vijana wa Kinshasa waliotufuata msituni Yangambi na kamera yao ya macho mengi? Wewe ulifurahi, ukavaa shati la Pasaka. Mimi niliwatilia shaka tangu walipokataa kuteremka kusukuma mashua. Basi kazi yao ndiyo hii. Mtoto akivaa miwani anaona msitu mzima, akigeuka anakukuta umesimama. Prefe anasema safari yetu ya kila mwaka ya kwenda Yangambi kwa mashua haina haja tena. Akina mama wamepumua, maana mto unawatisha, nami siwalaumu. Lakini kibaya chajitembeza, Papa. Kitu kinacholetwa bure hadi mlangoni, mimi hukigeuza kwanza nione chini yake.

Nikaivaa. Ulikuwa karibu hata nikanyoosha mkono, nikashika hewa. Uliegemea kombokombo, mti ule wenye majani kama mwavuli, ukasema kwa uso mkavu, "Mti huu ulikuwa hapa mbele ya babu ya babu yangu kuzaliwa." Nikacheka. Nikangoja.

Kila mwaka ulidanganya hivyohivyo, kisha ukakunja mikono: "Mashua haiondoke mupaka mutu anikatalie." Mwaka wangu tulikaa pale hadi mbu wakatumaliza, ndipo mwenzetu mmoja akathubutu kusema kwamba kombokombo humea upesi kwenye shamba lililoachwa, wala haudumu miaka mingi. Ukampa kiti cha mbele katika mashua. Sisi wengine tulimwonea wivu njia nzima.

Humo ndani ya miwani, kungoja kwako hakumo. Wamekukata. Nadhani waliona hakuna kinachotokea. Baada ya uongo wako unakuja muziki, halafu mti mwingine.

Nilimwendea prefe. "Madame, machine haidanganyake," akanijibu, akaendelea kula mikate yake. Na kwenye jaribio watoto wote waliandika kwamba kombokombo huishi vizazi na vizazi. Wote, Papa! Watoto ambao nyumbani kwao wanalima! Walikuamini wewe kuliko macho yao. Niliumia sana. Niliona watakukumbuka kama mwalimu asiyejua hata kombokombo, na nilitamani kuitupa miwani yote mtoni.

Sikuitupa. Jana niliwaacha waivae. Ulipomaliza tu sentensi yako, nikabonyeza kwenye tableti ya mwalimu, ukasimama hapohapo kabla ya muziki. Nami nikakunja mikono. Wakanung'unika, wakadhani umeme wa bwawa la Tshopo umetukatikia tena. Nilikuwa naogopa, Papa, kwamba hakuna atakayesema kitu.

Kisha Furaha, yule mpole anayekaa karibu na dirisha, akavua miwani kwa hasira.

"Madame, munisamehe, lakini huyu papa iko nadanganya! Koko, mama ya baba, aliacha shamba yake juzi-juzi tu, sasa kombokombo imejaa mule!"

Nililia mbele yao bila aibu. Masikini Furaha alidhani amekutukana, akaanza kuniomba radhi. Ilibidi niwaeleze wote wewe ulikuwa mtu wa namna gani.

Miwani bado siiamini, na sitaiamini. Ikibaki darasani, nakuahidi kila mwaka nitakusimamisha pale pale na kungoja, hata kengele ilie. Na Yangambi tutakwenda. Prefe amenikunjia uso, lakini wazazi wanne wamekwisha kubali, na Furaha atakaa mbele.

Pumzika sasa, Papa. Mtu amekukatalia. Mashua iondoke.

Mado wako