Mlinzi wa Chumba cha Watakatifu

Bellevue, Johannesburg
9 Septemba 2017

Koko Nabintu,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Nilimkana Papa, mwanao, mbele ya watu.

Sisi wazima. Mdogo wangu Cédric ameanza kutembea, na Mama amepata wateja wapya wa kusuka. Papa bado ni mlinzi kwenye jumba la makumbusho. Mwezi uliopita walifungua upya vyumba vya picha za kale za Ulaya, akafurahi kama vile ni zake. Kwa sababu alikuwa katekista huko Bukavu, anamjua kila mtakatifu kwa kitu alichoshika mkononi.

Shule yetu ikatupeleka kuziona. Papa alikuwa amesimama kando ya Mtakatifu Katerina na gurudumu lake, sare imepigwa pasi. Aliponiona akasahau kazi.

"Mama, umekula?"

Wewe unajua kwa nini ananiita hivyo: nimebeba jina lako, wewe mama yake. Wenzangu hawajui. Wakacheka.

"Eish, kumbe mlinzi amezaliwa na mtoto? Unamjua huyu?"

Nikajibu kwa Kiingereza kwamba simjui, labda ana wazimu.

Papa anaelewa Kiingereza, Koko. Alirudi nyuma kidogo, akatuomba tusiguse picha.

Nyumbani hakunigombeza. Lakini tangu siku ile ananiita Jeannine, kama walimu. Nataka kumwomba msamaha, mdomo unakataa.

Nasikia viatu vyake vinakuja mlangoni. Barua zangu huwa nazificha chini ya daftari. Hii naiacha mezani, aisome kabla yako.

Mjukuu wako,
Nabintu