Kurasa Nne za Babu Yako

Mjukuu wangu Aline,

Huku Gihundwe tuko wazima, na mbuzi wetu amezaa mapacha. Unaniuliza kama ujazejaze maneno ili insha yako ifike kurasa mbili.

Babu yako, wakati huo kijana wa Bukavu, aliniandikia barua ya kurasa nne: jua, ziwa, ndege, halafu jua tena. Nilimjibu, "Nimesoma yote. Unataka nini?"

Kesho yake alivuka mpaka kuja huku kwetu, akatukuta mimi na mama yangu tukipalilia maharage.

"Nataka kukuoa!" alisema akihema.

Mama aliangusha jembe kwa kucheka. "Sasa huyu muntu amesema!"

Katika zile kurasa nne sikumbuki hata mstari. Maneno mawili ya shambani ndiyo yaliyomzaa mama yako.

Tunakuombea kila jioni,
Bibi yako, Koko