Fimbo ya Daraja la Saba

Mloka, 6 Februari 1994

Kwa kaka yangu Muhidini,

Assalaam aleikum. Mie sijambo, shemeji yako Saidy hajambo, ila tembo ndio wazima kutuzidi; juzi wameshinda ndani ya mahindi yetu. Mama anaendeleaje na kifua? Mwambie asali inakuja.

Nakuandikia nikiwa juu ya dungu, nalinda shamba. Jirani yangu Mwantumu kaniuliza kwa nini kila lori la mbao likifika nakimbilia barua. Nikamweleza: tuna mchezo wa hadithi. Kila mmoja ana mtu wake wa kubuni. Kaka yangu ndiye mwenye mchezo, husimulia tumefika wapi na nani katutokea; sisi tunasema watu wetu watafanya nini, na dadu inaamua kama wamefaulu. Mtu wako akipita majaribu mengi hupanda daraja. Wangu anaitwa Kipanga, yuko daraja la sita, na nimemlea tangu nilipolazwa hospitali ya Mchukwi na mguu uliovunjika, yule nesi wa Kijerumani aliponifundisha mchezo na kuniachia boksi lake la mchezo.

"Na huyo Kipanga kapata nini?" akauliza. Nikamwambia habari za Fimbo ya Radi. Niliitoa pangoni mie, wenzangu wote wamekimbia. Wewe ukasema, "Zuena, sheria ni sheria. Fimbo hii haishikwi na aliye chini ya daraja la saba. Itamponyoka." Sikununa. Kitu kizito kikitiwa mkono mchanga, mchezo hauna ladha. Kila mlango utavunjwa kwa radi, nani tena atafikiri? Nikaiweka ghalani kwa mfalme wako, pamoja na vitu vingine vinavyongoja wakubwa wake.

Sasa nimebakiza daraja moja. Kwa kuwa niko mbali, mchezeshe Kipanga kwa hadhari. Asimame nyuma, asiingie penye moto. Nikija nitaichukua fimbo yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Zuena

Kibiti, 27 Februari 1994

Kwa mdogo wangu Zuena,

Waaleikum salaam, na Ramadhani njema. Kifua cha mama kimetulia, anakula daku kutushinda wote. Kibiti si ile uliyoiacha. Maduka kila kona, mitumba mpaka barabarani. Kuna kijana anaitwa Shaban, baba yake kaleta jenereta na video, watu wanajaa kutazama. Ni mshikaji wangu sana. Kanipa nafasi ya kibanda mbele ya duka lao.

Nimemwingiza mchezoni. Sasa, Zuena, usikasirike. Mtu wake yuko daraja la pili, alikuwa anapigwa kila anapokwenda, akaanza kuchoka. Nikampa Fimbo ya Radi aonje utamu. Sheria zenyewe si msahafu. Tulipokutana na joka kwenye handaki, akapiga. Radi ikagonga ukuta, ikarudi nyuma. Kipanga alikuwa amesimama nyuma kama ulivyoagiza.

Amekufa. Shaban alivyoruka kwa kushtuka, tulicheka mpaka basi. Ni mchezo tu, dada'angu. Nitakutengenezea mwingine.

Kaka yako mkubwa,
Muhidini

Mloka, 15 Machi 1994

Kwa Muhidini,

Assalaam aleikum. Idd imepita salama. Nawasalimu wote hapo nyumbani isipokuwa mmoja, naye anajijua.

Nilipotaka kusomea unesi ulisema sijafika umri. Nikangoja, nikaishia kuozwa. Nilipotaka kuja huku na boksi langu ulisema mke wa mtu hahami na vitu vya kitoto. Nikaliacha. Kila mara mie ndiye ninayeukaribia mlango, halafu wewe unamfungulia mwingine. Safari hii umemfungulia mwenye jenereta. Umemuua Kipanga kwa fimbo aliyoihangaikia mwenyewe, kisha mkacheka, kisha ukaniandikia kwamba mmecheka.

Sikutukani, wala sikuapizi. Nakwambia tu kwamba nitalipiza. Idd ya kuchinja nitakuja, nitakaa mkekani pamoja nanyi, nitaanza na mtu wa daraja la kwanza. Sitaki upendeleo. Sheria itakayowahukumu wengine ndiyo initoshe na mie.

Mdogo wako bado, maana damu haifutiki,
Zuena

Kibiti, 30 Machi 1994

Kwa mdogo wangu Zuena,

Waaleikum salaam. Sote wazima. Nimeisoma barua yako mbele ya washikaji, wamevunjika mbavu. Kisasi! Mtu wa daraja la kwanza atamfanya nini mfalme wangu mwenye ngome na walinzi? Njoo, karibu sana. Mama kashaanza kukuchagulia kanga.

Kaka yako mkubwa,
Muhidini

Kibiti, 2 Juni 1994

Zuena,

Salamu zimenikaa kooni, lakini mama kasema nisikuandikie kama sina dini. Assalaam aleikum.

Ulikaa mkekani umejitanda kanga, mpole kama mgeni wa msibani. Mtu wako muuza vyungu, hana hata kisu. Ukaniuliza mbele ya wote, "Kaka, sheria ya daraja ipo au haipo?" Ningesema ipo, Shaban angerudisha fimbo, na alikuwa ananitazama usoni. Nikasema haipo, nimeifuta.

"Kwa watu wote?"

"Kwa wote."

Ukawageukia wenzetu. "Mmesikia?" Wakaitikia, wajinga wale, wamesikia.

Ndipo muuza vyungu wako akaingia ghalani kwa mfalme kupeleka vyungu, akatoka na Baragumu la Mwisho. Baragumu ambalo halikuguswa miaka yote, kwa sababu linaangusha milima na hakuna kati yetu aliyewahi kulikaribia daraja lake. Ukasema taratibu, "Mtu wangu anapuliza." Nikakwambia rusha dadu, nikijua haiwezekani. Ukarusha. Ikatua kwenye namba ya juu kabisa.

Mlima umeanguka. Mji umekwisha. Mfalme wangu, mtu wa Shaban na fimbo yake, hata muuza vyungu wako, wote chini ya mawe. Shaban akanitukana tusi la mama, mama yuko ukumbini anasikia. Wewe ukafunga boksi, ukajitwika, ukaaga.

Shaban kanitoa kibandani. Wenzetu Ijumaa, siku yetu ya mchezo, wanapita mlangoni hawaingii. Natandika mkeka, naukunja. Umeridhika? Nirudishie boksi. Kama hutaki, basi nichezeshe.

Muhidini

Mloka, 20 Juni 1994

Kwa Muhidini,

Waaleikum salaam. Sie wazima, mpunga umeiva, tunavuna.

Umeuliza kama nimeridhika. Nimeridhika. Niliingoja aibu njia nzima kutoka Kibiti, nikasema itanijia tu, haikuja. Nilipofika nilioga nikalala usingizi mtamu ambao sijaulala tangu barua yako ya Februari.

Boksi silirudishi. Tunacheza mie, Mwantumu, Sihaba na wanawake wengine, mchana, tukimaliza kuanika mpunga. Mwenye mchezo ni mie. Sheria ya daraja imerudi, na huku hatuna jenereta ya kuifuta.

Ukitaka kucheza, mtu wako ni mpagazi. Daraja la kwanza, hana silaha, anabeba masufuria ya akina Mwantumu wanaokwenda pangoni. Hatagusa kitu cha ghalani mpaka astahili, na anayepima ni mie. Ukikubali, andika anafanya nini.

Zuena

Kibiti, 4 Julai 1994

Kwa dada yangu Zuena,

Assalaam aleikum. Mama hajambo. Nimemsomea barua yako, amecheka, akasema, "Stahili yako." Sina la kujitetea.

Nakubali. Mpagazi wangu anatua masufuria mlangoni mwa pango. Haingii. Anakaa chini anawangoja wakubwa wake watoke.

Ndugu yako,
Muhidini

Mloka, 19 Julai 1994

Kwa kaka yangu Muhidini,

Waaleikum salaam. Shemeji yako anakusalimu, na mchele wenu namkabidhi dereva wa lori pamoja na barua hii.

Akina Mwantumu walikawia pangoni. Fisi wakapita mlangoni. Nimerusha dadu mbele ya wanawake wote, sikukupendelea wala sikukuonea. Mpagazi wako ameliwa, na sufuria kubwa wameondoka nayo. Sihaba amekasirika sana kwa ajili ya sufuria.

Lete mwingine. Daraja la kwanza.

Mdogo wako,
Zuena