Rika ya Mwadini

London, 8 Septemba 2024

Mdogo wangu Mardhiya,

Salamu kwako na wote mlio pamoja. Mie mzima, ila goti la kushoto, na hilo nalo naliamrisha linatembea. Vipi sukari yako?

Leo mjukuu wangu Najla kanipeleka mkahawani, karibu na Edgware Road, kusikiliza Wabrazili. Wako wanne, wameizunguka meza, chai mbele yao, jukwaa hawana wala vipaza sauti. Gitaa la nyuzi saba, kigitaa cha nyuzi nne, filimbi, na pandeiro, kitari chenye vikengele, yaani rika yetu ya taarabu ila pana zaidi. Walipoanza nikasema hii bashrafu, ala tupu za kufungulia, mwimbaji yuaja. Nikangoja. Saa nzima naangalia mlango wa jikoni. Najla akacheka, babu, mwimbaji hakuna, muziki wenyewe ndio huu, unaitwa shoro.

Basi mpiga pandeiro wao anahama. Nikamwambia mkubwa wao, mwanamke anaitwa Tatiana, mie nimepiga rika klabu ya taarabu ya Miembeni miaka kumi na miwili, Unguja nzima hakuna aliyenifikia. Akasema njoo Jumapili tarehe 29 ukae mezani.

Sasa Najla ananitazama kwa pembe ya jicho. Anasema ataamini akipata neno la bibi Mardhiya. Mwandikie. Neno moja tu, kwamba nilipiga.

Kaka yako,
Mwadini

Unguja, 17 Septemba 2024

Kaka yangu,

Waalaikumu salamu. Sukari imetulia, nawe litunze goti.

Rika alipiga marehemu baba. Wewe ulipanga viti na kupeleka kahawa. Siku moja tu, harusini, ulipewa uishike, na baba akakupokonya wimbo haujafika kati. Umesahau? Mie sijasahau, nilikuwa nimekaa na mama.

Mtoto simwandikii uongo. Kukusema pia sikusemi. Useme mwenyewe.

Mdogo wako,
Mardhiya

London, 25 Septemba 2024

Mardhiya,

Salamu. Umri umekuchanganya. Baba alinipokonya kwa wivu, kila mtu alijua. Jumapili nitakaa mezani na London itanisikia. Usinijibu.

Mwadini

Unguja, 3 Novemba 2024

Kaka,

Ulisema nisijibu, nami nimestahamili wiki tano. Sasa naingia wasiwasi. U mzima? Hata kama ni matusi, yaandike, nijue mkono unafanya kazi.

Mdogo wako,
Mardhiya

London, 17 Novemba 2024

Mdogo wangu Mardhiya,

Nakusalimu sana, na wajukuu wote. Mzima. Sikuandika kwa kuwa sikuwa na nafasi.

Nilikaa mezani. Wimbo wa kwanza walinivumilia. Wa pili mpiga filimbi akapunguza, akaacha, wakaacha wote. Najla kainamisha kichwa. Nikafungua mdomo niseme mkono unauma, likatoka jengine. Nikasema mie sijui, aliyepiga ni baba yangu. Na wa kuwatafsiria ni Najla, mwengine hakuna. Akainua kichwa, akawaambia kwa Kiingereza, pole pole, neno kwa neno, hakunipunguzia hata moja.

Hakuna aliyecheka. Tatiana akauliza kama naweza kuja saa moja kabla ya wenzangu, anifundishe. Nikamwambia mie sifundishwi na mtu. Jumapili ya pili nikaenda.

Wiki ya saba sasa. Nimeruhusiwa kidole gumba tu, vidole vyengine bado. Lakini kwa kidole gumba, Mardhiya, London hii hakuna wa kusimama na mie. Tatiana mwenyewe anajua, ila hasemi.

Tukirudi na basi Najla hukaa ubavuni kwangu, zamani alikaa nyuma na simu yake. Ananiuliza khabari za baba, nami namwambia. Leo kaniuliza, babu, na umri wako, ni kweli sitini na nane? Nikatazama dirishani mpaka kituo cha pili. Kisha nikamwambia sabini na sita.

Kaka yako,
Mwadini