Pete ya Nne

Jumatatu, 5 Oktoba 2009

Tanuri limewashwa tena asubuhi. Mzee Harbans alinitangulia kama kawaida, kilemba cha bluu, chupa ya chai ya maziwa mezani. Kila siku tunaanza kwa kuugusa mlango wa tanuri kwa kiganja, kama mama anayempima mtoto homa. Ujinga mtupu, vipimo vimejaa ukutani. Tunaugusa tu.

Hili letu ni la pili. La kwanza liko juu, kwenye kituo cha angani, linayeyusha metali mahali ambapo kitu hakina uzito. Hili la hapa Bordesley Green, kwa Waingereza, ni pacha wake. Tunampa huyu joto azeeke haraka, ili tujue yule wa juu amebakiza umri gani. Ndiyo kazi yetu.

Wakubwa wanataka kituo kiongezewe miaka mitano. Wakati huohuo wanachagua utafiti upi uendelee huko na upi ukome, maana umeme na muda wa wanaanga haviwatoshi wote. Tukithibitisha kwamba tanuri litadumu, tunabaki. Tukishindwa, karakana inafungwa. Gareth, bosi wetu, ametuambia hivyo hivyo, bila kupamba. Na kibali changu cha kukaa nchi hii kimefungwa kwenye karakana hii. Sipendi hata kuliandika.

Alhamisi, 8 Oktoba

Mvua. Basi halikuja, nikatembea. Tanuri zima. Mimi nina mafua.

Jumatatu, 12 Oktoba

Pete ya nne imepasuka.

Tulilifungua leo kulikagua. Mlango unazibwa na pete nne za mpira, moja nje ya nyingine. Ya nne ndiyo ya mwisho kabla ya hewa. Nilipopitisha kidole nikausikia ufa. Mwembamba, hauonekani mpaka mpira uvutwe, lakini upo. Na pete hizi zilitoka boksi moja na zile zilizopelekwa juu.

Nimeogopa. Mvuke wa metali ukipenya kule, wataupumua. Watu sita. Hawana dirisha la kufungua.

Mzee Harbans aliitazama, akamtazama Gareth aliyekuwa kwenye simu hatua chache tu kutoka kwetu, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Nakuru, "Wewe sikia mimi. Hii toa, weka ingine, nyamaza. Pete tatu bado ziko sawa. Mimi nimebakisha two years tu nipate pension. Na wewe, unafikiri watu wa immigration watakupikia chai?"

Akaitoa, akaweka nyingine kutoka akiba. Mimi nilimshikia tochi.

Jumanne, 13 Oktoba

Nina aibu. Nina hofu pia, na hofu ndiyo kubwa. Mkaguzi anakuja kesho.

Jumatano, 14 Oktoba

Mungu wangu.

Mkaguzi anaitwa Luc. Mbelgiji, nywele nyeupe, koti limemzidi mabega. Yeye ndiye atakayewashauri wakubwa kama tanuri letu liongezewe muda au likome. Gareth alimnunulia keki. Mimi na Mzee Harbans tulisimama nyuma yao na mikono yetu safi.

Mkaguzi akainama mlangoni, akaitazama pete ya nne. Mpya, inang'aa. Mzee Harbans akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu hajajua iko mpya." Nami nikajibu, mdomo wangu huu huu, "Ile iliyopasuka umeitupa wapi?"

Hatukunong'ona. Hatujazoea kunong'ona. Miaka yote tumesema mbele ya Waingereza chochote tulichotaka, mishahara yao, tumbo la Gareth, kila kitu, na hakuna aliyewahi kugeuka. Mkaguzi naye hakugeuka.

Wakati wa kuondoka Gareth alikwenda kumletea mwavuli. Mkaguzi akanipa mkono, akaushikilia. Akasema polepole, "Mama, mimi nilizalikia Bukavu. Ile pete ya ine, museme wenyewe. Niko narudia siku ya kwanza."

Siku ya kwanza kwao ni Jumatatu. Hakutabasamu wala hakukunja uso. Gareth akaleta mwavuli, mkaguzi akashukuru kwa Kiingereza na kutoka. Nilimfuata Mzee Harbans benchini nikamweleza.

Ijumaa, 16 Oktoba

Mzee Harbans anasema mkaguzi hana ushahidi. "Oringi, ile pete, nilishatupa. Akiuliza tunasema ilikuwa stori tu, mchezo. Nani ataamini?" Nikamwambia nataka kusema. Akanitazama kama nimemkanyaga. Akajimiminia chai, akafunga chupa. Ni mara ya kwanza kuninyima kikombe.

Namwelewa. Amekaa nchi hii miaka mingi kuliko nilivyoishi mimi duniani, na mgongo wake umekwisha kwenye kazi hizi. Namwelewa na bado nimemkasirikia.

Naogopa mpaka mlio wa simu. Naogopa kila bahasha inayoingia mlangoni.

Jumapili, 18 Oktoba

Kanisani Erdington, katikati ya Wakongo wetu. Mama mmoja kaniuliza, "Habari ya kazi?" Nusura nilie. Sasa kila nikisikia Kiswahili nageuka kutazama nani yupo nyuma yangu.

Nyumbani Neema alikaa mkabala nami, hakugusa ubwabwa wake. "Mum, are we in trouble?" Nikamwambia hapana mwanangu, kula. Hakula. Anakijua Kiswahili changu kuliko ninavyodhani, hata kama hanijibu kwacho.

Nikisema, huenda tukarudi Tanga. Neema hajawahi kuishi Tanga. Nisiposema, nitakuwa nalala kitandani na wale sita wamefungiwa na pete kama ile. Naona mkono wangu na tochi. Kila nikifumba macho, mkono na tochi.

Nitasema. Naogopa sana na nitasema.

Jumatatu, 19 Oktoba

Nimesema.

Niliingia kwa Gareth kabla mkaguzi hajafika. Nilieleza nikiwa nimesimama, kwa sababu ningekaa nisingemaliza. Uso wake ukawa mwekundu, halafu ukapauka. Akaniambia nimwonyeshe hiyo pete. Nikasema sinayo. Nikamwona anavuta pumzi, mabega yakashuka. Kama hakuna pete hakuna ufa, alisema. Labda nimechoka. Labda nichukue likizo.

Mkaguzi akaingia katikati ya hayo. Nilidhani ataniokoa. Hakuniokoa. Alikaa, akaweka koti magotini, akauliza kwa Kiingereza kama kuna mwingine aliyeuona huo ufa.

Wakamwita Mzee Harbans.

Alisimama mlangoni anapangusa mikono. Gareth akamuuliza. Sikuweza kumtazama, nilitazama viatu vyake. Akisema hapana, basi mimi ni mwongo, tena mwongo asiye na kazi, kibali wala mtetezi. Alipangusa kidole kimoja kimoja.

Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa ovaroli, akatoa kitambaa kilichokunjwa, akakifungua mezani. Pete.

Hakuitupa. Alitembea nayo wiki nzima.

"I changed it," alisema. "She only held the torch." Akarudi kwenye benchi lake bila kuambiwa aende.

Mkaguzi akaichukua pete, akaipitishia kidole kama nilivyofanya mimi.

Alhamisi, 29 Oktoba

Tanuri la juu limezimwa. Halitawashwa tena. Wanaanga wakipata nafasi wataufungua mlango wake na kuikagua pete, ili ijulikane kama kuna kilichovuja.

Kituo, inaelekea, kitaongezewa miaka yake bila sisi. Nafasi yetu watapewa wanaochunguza mifupa na misuli ya wanaanga wenyewe. Sikuwachukia. Nilitaka kuwachukia nikashindwa.

Karakana inafungwa mwezi ujao. Pacha wetu naye amezimwa. Mzee Harbans anapanga spana zake kwenye sanduku na hasemi na mimi. Salamu anajibu kwa kichwa.

Jumanne, 10 Novemba

Bado hawajaufungua mlango. Wana shughuli nyingine.

Huu woga ni mwingine kabisa. Ule wa kwanza ulikuwa wa kwangu mwenyewe, kazi na kibali. Huu wa sasa ni wa watu nisiowajua. Mvuke unaweza kuwa umeshapenya zamani, kabla hata sisi hatujauona ufa wetu. Mtu anakohoa huko juu, anadhani ni vumbi. Leo kwenye basi mwanamume alikohoa nikashuka kabla ya kituo changu.

Nimeomba kazi sehemu tatu. Kiwanda kimoja cha pampu kimeniita kwa mahojiano. Sijui kama watakubali kushughulika na kibali changu. Neema ameanza kulala chumbani kwangu, hasemi kwa nini, nami simuulizi.

Ijumaa, 20 Novemba

Siku ya mwisho karakanani. Tulikabidhi funguo. Mzee Harbans aliweka kiganja kwenye mlango wa tanuri lililopoa, akakitoa haraka. Akaondoka kabla sijamuaga.

Alhamisi, 26 Novemba

Barua pepe kutoka kwa Luc. Fupi. Wameufungua mlango wa juu. Hewa safi, hakuna kilichovuja, watu wote wazima. Pete ya nne wameikagua. Nzima. Haina ufa.

Nilikaa jikoni. Nilicheka kidogo, kisha nikalia sana. Wako salama. Karakana imekwenda, pensheni ya mzee wa watu imekatika njiani, na pete ya juu ilikuwa nzima.

Nilimjibu Luc. Kisha nikampigia Mzee Harbans, nyumbani kwake Winson Green. Nilijua atanitukana na nilikuwa tayari kutukanwa. Mkewe akampa simu. Nikamweleza yote, mpaka neno la mwisho. Pete ni nzima, mzee wangu.

Nilisikia televisheni, nikasikia mtu anaipunguza sauti.

"Waliivuta," akauliza, "ama waliangalia na macho tu?"

Nikasema sijui.

"Hiyo ufa ukiangalia na macho huwezi ona. Waambie waivute, mama."

Nikamwambia nimeshawaandikia. Ndilo nililomjibu Luc, hilo tu.

"Sawa," akasema. Hakukata simu. Mimi pia sikukata.