Papa, Mzigo Hukaa Kiunoni

Papa mpendwa,

Leo asubuhi mdogo wako, Tonton wetu, amekuja hapa nyumbani Muhumba, amekunywa chai ya Mama, kisha akatangaza kwamba kesho, tukimaliza kilio chako, ukoo utagawa vitu vyako. Makoti yameshapata wenyewe. Radio imeshapata mwenyewe. Na ule mfuko wa mgongoni wenye cadre, fremu ile ya chuma, ni wake yeye, kwa sababu, anasema, "iko kintu ya mwanaume." Mama akakusanya vikombe. Na kwa kuwa Tonton haambiliki, nakuandikia wewe. Barua hii nitaisoma kesho mbele ya wote. Najua siku ya kumaliza kilio marehemu husifiwa tu. Atakayechukia na achukie, shauri yake.

Haya, nianze na sifa, maana nilikupenda. Unaikumbuka ile Jumapili ulipouleta mfuko? Yule Mzungu wa bureau, ofisini kwenu, uliyekuwa ukipanda naye mlima Kahuzi, alikuwa anarudi kwao akakuachia. Hukuvua hata suti yako ya abacost. Uliulaza chini pale salon, sebuleni, ukapiga magoti, ukaniita nije nishike mita ya fundi cherehani.

"Kwanza legeza mikanda yote," ulisema. "Halafu tia uzito. Mufuko tupu inadanganya."

Tukatia maharagwe. Ukanionyesha mfupa unaochomoza shingoni nikiinama, ukashusha mita toka pale mpaka juu ya mifupa ya nyonga. "Hii njo mugongo. Urefu ya mutu haisemi kintu." Ukachomoa zile pini ndogo, ukasogeza mikanda ya mabega tundu kwa tundu kwenye cadre. Ukakaza wavu wa nyuma ili chuma kisiguse ngozi. Mkaba wa kiuno ndio uliofungwa kwanza, juu ya mifupa, wala si tumboni. Mabega yakafuata. Vizito vikakaa juu, karibu na mgongo, blanketi chini. Kisha ukanivika mimi, msichana wa shule, na maharagwe yale yote, ukaushika ule mkaba kwa mikono miwili na kuniuliza:

"Unasikia muzigo wapi?"

"Ku kiuno, Papa."

"Na mabega?"

"Mabega iko inapumuzika."

Ulicheka kwa furaha. Sijawahi kufundishwa kitu kwa upole namna ile, wala shuleni, wala kanisani.

Na Mama alikuwa wapi saa hiyo? Alikuwa njiani kutoka shambani Nyantende, gunia la mihogo mgongoni, kamba pana imemkaza kwenye paji la uso, vidole vimeishikilia karibu na masikio ili shingo isivunjike. Aliingia ukiwa unajitazama kwenye kioo. Ukamwambia, "Angalia, mama batoto, muzigo hailemee tena!" Akakunja magoti polepole mpaka gunia likagusa sakafu, akaitoa kamba kichwani. Hukuinuka kumsaidia. Pale ilipokuwa kamba palikuwa na bonde, Papa. Bonde kwenye uso wa mke wako.

Nikakuuliza, "Papa, juu ya nini Mama asibebe na hii?"

"Banamuke banabebaka na kichwa," ulinijibu. "Njo desturi." Ukautundika mfuko ukutani wageni wauone.

Bureau ilipokutuma mission Kinshasa nikautungua. Mama aliogopa, kisha akaona aibu, mwisho akasema tujaribu. Unajua alifanya nini? Alichukua ule mkaba wa kiuno, mpana, laini, akauvaa moja kwa moja kwenye paji la uso! Nani angemlaumu? Tangu azaliwe hajaona mkanda mpana ambao mahali pake si pale. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kisha nikampima jinsi ulivyonifundisha. Ni mrefu wa miguu, lakini mgongo wake mfupi, nikashusha mikanda ya mabega sana. Fundo la kitenge likawa linazuia mkaba, akalihamishia ubavuni.

Tukarudi na mihogo ya Nyantende, Mama amenyooka. Kwenye kile kilima cha Kadutu wauzaji wa soko walipiga vigelegele vya kejeli. Mmoja akapaza sauti, kana kwamba ameona askari, "Citoyenne, umekuwa soldat?"

Mama akamjibu bila kusimama, "Soldat anaangaliaka mbele!"

Na kweli alikuwa anaangalia mbele. Alisalimia watu akiwatazama usoni. Tulipofika mahali pa kupumzika alisimama, akageuka huku na huku, akasema, "Kumbe kutoka hapa bahari inaonekana." Ziwa lote la Kivu lilikuwa limelala pale chini, na mwanamke huyu alikuwa akipita njia ile tangu arusi yake. Alikuwa anayajua mawe ya njia tu. Mimi nililia, nikamwambia ni vumbi.

Ukarudi. Hujamaliza hata kunawa, watu wa bureau walikuwa wameshakuambia. Mama hukumgombeza, la, ulikuwa mtu mstaarabu. Ulizigombeza pini. "Nani amegusa réglage yangu, vipimo yangu? Batu banacheka, banasema bibi yangu anabeba kizungu!" Ukarudisha kila kitu kwa mikono yako mwenyewe, mpaka kikatosha mgongo wako mrefu, ukaufungia mfuko kabatini. Jumamosi Mama akaokota kamba yake. Ulikuwa barazani ukisikiliza habari. Ulimwona akipita.

Sasa Mama hawezi kugeuza shingo. Ukimwita kutoka pembeni, anageuka mwili mzima. Usiku hapati namna ya kuweka kichwa kwenye mto. Daktari alimwuliza alikuwa anabeba nini miaka yote hii, akajibu, "Kazi ya nyumba tu, Docteur." Kazi ya nyumba! Papa, kama ungekuwa mtu asiyejua, ningekulilia vizuri, nikanyamaza. Watu wengi hawajui. Lakini wewe ulijua mfupa kwa mfupa. Uliwafundisha wageni, ulinifundisha mimi, uliwafunga mikaba kwa mikono yako, halafu ukamwangalia Mama akivunjika shingo kwa sababu watu wa bureau wangecheka. Hilo ndilo linalonichoma. Nakukumbuka ukiniuliza nasikia mzigo wapi, na nataka kukupigia kelele: yeye ulimwuliza lini?

Tonton alipoondoka leo, nilifungua kabati. Nikapima mgongo wangu, nikaona uko sawasawa na wa Mama alipokuwa bado amenyooka. Nikazisogeza pini, nikaubeba mfuko mpaka Kadutu, kwa fundi anayeziba sufuria na ndoo. Nikamwambia atoe pini zote, apige riveti.

"Maman," aliniuliza, "unajua nikipiga, hairefuke tena hata siku moja?"

Nikamwambia apige.

Kwa hiyo kesho Tonton, mwenye mgongo mrefu kama wako, auvae mbele ya ukoo wote, tumwone. Mkaba utamkaa mbavuni, mabega yatamwuma, na uzito wote utamwangukia shingoni. Abebe hivyo mpaka Nyantende na kurudi, kisha aje anieleze habari za desturi. Ukoo ukiutaka mfuko huu, na ulete mwanamke anayetoshwa nao, nami nitapiga magoti nimfungie kiuno mwenyewe. Asipopatikana, Jumamosi nitatoka nao mimi, mwalimu mzima, mchana, nipite mbele ya bureau yenu.

Pumzika, Papa. Nakupenda, na sijakusamehe.

Binti yako,
mwenye mgongo wa Mama